Vyondo Tisa vya Watu

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua, mdomo umefunikwa, unajifanya huoni ni nani mwingine amekuja leo, nakuandikia wewe. Mimi nilikalia benchi kama hilo kutoka mvua za Aprili mpaka Oktoba. Nililikalia mpaka likachukua umbo langu. Wakilitoa leo wakalipeleka Nairobi, mtu wa kwanza kulikalia atauliza, huyu mama mwembamba hivi alikuwa nani.

Sitakueleza kifua kikuu ni nini. Hayo yamebandikwa ukutani hapo mbele yako pamoja na picha, na mimi niliyasoma yote, maana kule gumbaru, shule ya watu wazima, tulizoea kusoma chochote chenye herufi, hata gazeti lililofungiwa nyama. Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne. Cheti kiko kwenye fremu juu ya kabati. Mwalimu wetu alisema insha ina utangulizi, mwili na hitimisho. Yangu hii ni mwili tu.

Naitwa Rwamba. Ni jina la Umbeere. Nilizaliwa Kiambere, kule chini kwenye joto, karibu na bwawa, nikaolewa huku Kanyakine kwenye migomba na baridi. Hapa wananiita Mama Kendi. Kendi ni mtoto wangu wa pekee, na mwaka huo alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Mutwiri, ni fundi wa mashine za kujenga barabara, na kazi iko Marsabit, kwa hivyo nyumbani tunamwona mara moja kwa miezi miwili au mitatu.

Kikohozi kilianza Februari. Nikasema ni vumbi la kiangazi. Nikanywa tangawizi, nikanywa ndimu na asali, nilikunywa ndimu nyingi hivi kwamba nikipita karibu na mti wa ndimu, majani yanatetemeka. Kufika Machi nilikuwa nakohoa mpaka naona Mlima Kenya umesogea kidogo kuelekea Nanyuki. Sketi zangu zote zilianza kuzunguka kiunoni, zipu ikaja mbele, mfuko ukaenda nyuma. Kwaya walinihamisha mstari wa mwisho, halafu siku moja kiongozi akaniambia kwa upole kwamba ningeweza kupumzika. Nilikuwa sauti ya kwanza, na nilikuwa naipenda.

Siku niliyopewa majibu ya vipimo, mapema Aprili, kulikuwa na mvua kubwa. Sista wa kliniki alifungua dirisha licha ya mvua, akakaa upande wa upepo, akaniambia taratibu kama mtu anayemwaga uji kwenye kikombe kidogo. Miezi sita ya dawa. Nisikose hata siku moja. Kendi na mama mkwe wapimwe, na walipimwa, wakawa wazima, Mungu asifiwe. Kisha akasema neno moja ambalo nataka ulishike: kwa wiki mbili za kwanza, mtoto alale kwingine.

Wiki mbili. Nililiandika nyuma ya kadi yangu kwa kalamu.

Mama mkwe wangu tunamwita Cucu, wakubwa kwa wadogo. Anaishi ng'ambo ya kijito, mwendo wa kumaliza kuimba nyimbo tatu. Alikuja jioni hiyo, akasimama kwenye ua wa majani, hakuingia, nami sikumkaribisha kwa sababu niliogopa pumzi yangu mwenyewe. Kendi alibeba begi la shule na godoro lake dogo likabebwa na Cucu kichwani. Mtoto aliniuliza kama angeweza kuniaga kwa mkono. Nikamwambia aniage kwa macho. Akafumba na kufumbua mara nyingi sana, kama taa ya gari inayoashiria kukata kona, mpaka nikacheka, nikakohoa, wakaenda.

Sasa vyondo.

Huku kwetu mgonjwa haachwi. Habari ilipotoka, na huku habari hutoka kabla hujatoka wewe mwenyewe, akina mama walianza kuja. Hawakuingia, niliwaelewa. Waliweka kiondo, kikapu chetu cha katani, kwenye kibao karibu na mlango, wakarudi hadi barabarani, wakaniita kwa sauti, wakaniambia kilichomo. Nduma. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyopondwa na viazi. Mayai ya kienyeji yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Nkatha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alileta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, chupa ndani ya kiondo, na juu yake sweta, kana kwamba uji wenyewe ulikuwa na baridi. Kiondo cha Cucu kilikuja siku ya nne, kile cha zamani chenye mkanda wa ngozi, kimejaa ndizi za kupika.

Nilikula. Nilichoweza. Dawa za mwanzo zilinifanya nitapike nikisikia tu harufu ya sufuria, na mkojo ulikuwa rangi ya soda ya machungwa, mng'avu kabisa, unaweza kupaka nao mlango. Viungo viliuma. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa na sindano ndogo ndogo, nikishika kikombe sijui kama nimekishika mpaka nikiangalie. Sista aliniongezea kidonge cha hizo sindano, zikapungua pole pole.

Halafu ndani ya nyumba kulikuwa na vyondo tisa vya watu, vimepangwa ukutani, vitupu.

Kama wewe ni mtu wa mlima huu, unajua. Mtu akikuletea kitu ndani ya kiondo, kiondo hakirudi bila kitu. Sijui nani alianza. Ukimrudishia mwenzako kiondo kitupu ni kama umemrudishia na salamu zake. Mimi nilikuwa na nini cha kuweka? Jembe nilikuwa siwezi kuinua. Kuku walikuwa wameuzwa. Na hata kama ningepata kitu, nani angekula kitu kilichotoka kwa mikono yangu? Nilikuwa nimeona mtu akipangusa kiti cha kanisa baada yangu kwa kitambaa. Basi nikasema, vikae kwanza. Nikipata nguvu nitarudisha vyote siku moja, vimejaa, nitapita navyo barabarani kama arusi.

Vikakaa.

Wiki mbili ziliisha. Nilioga, nikavaa gauni la bluu, nikakaa nje. Hakuna aliyekuja. Nikasema labda Cucu ameongeza siku mbili za usalama. Wiki ya tatu vyondo vikawa vimekoma kuja kabisa. Wiki ya nne Nkatha alikuwa ananisalimia kutoka barabarani, "Muuga, Mama Kendi," bila kusimama, na mimi najibu vizuri, na yeye anaenda, na siku imekwisha kuongea.

Hutaniamini nikikuambia jinsi nyumba inavyoweza kunyamaza. Nilianza kusikia mchwa. Nilimjua kila mjusi kwa tabia. Kuna mmoja nilimpa cheo cha mzee wa kanisa kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa kwa kila ninachosema.

Asubuhi tu ndiyo ilikuwa na mtu. Kendi akienda shule alikuwa anapita kwenye ua wetu. Alisimama upande wake wa majani, mimi upande wangu. Alinieleza kwa haraka mambo ya darasani, nani amepigana, nani ametapika, na mimi nilisema ndiyo, ndiyo, na nikamwuliza amekula nini. Kisha alikimbia. Nilikuwa naamka mapema mno kwa ajili ya hizo dakika, na zikishapita, saa moja unusu ya asubuhi, nilikuwa sina kazi nyingine mpaka kesho yake.

Pasaka, iliyoangukia wiki ya tatu, Mutwiri alikuja kutoka Marsabit. Alileta unga, mafuta na blanketi, akaketi nje ya mlango kwenye kibao, mimi nimekaa ndani, tukaongea kama watu wa ofisi wenye kioo katikati. Alikuwa ananiangalia shingo. Jioni akasimama, akasema atalala kwa mama yake ili kumsaidia kurekebisha bomba. Bomba halikuwa na shida. Nilimwambia ni sawa. Nikamwambia pia amsalimie bomba. Hakucheka, na mimi baada ya kufunga mlango sikucheka pia. Simlaumu leo. Lakini nimeliandika kwa sababu nawe labda mwenzako amelala kwa bomba, na ungependa kujua si wako peke yake.

Mei, nikiwa mwezi wa pili, sista alinipima uzito, akanionyesha mshale umepanda kidogo. Akaniuliza siku zangu ninazifanyia nini. Nikasema nazihesabu. Akanishauri nipate kitu cha mikono, kitu kidogo, ambacho nikikiacha jana nitakikuta leo kimebadilika.

Nilirudi nikachukua gunia la mbolea. Jembe bado lilikuwa linanishinda, lakini mkebe wa udongo nilikuwa naweza kubeba, mkebe mmoja kwa wakati mmoja na mapumziko katikati. Gunia moja lilinichukua siku nne kulijaza. Katikati niliweka mawe ya kupitishia maji, nikatoboa matundu pembeni, nikapanda mboga za kienyeji, managu na terere, kwenye matundu na dania juu. Halafu la pili. Halafu la tatu. Mvua za mwisho wa Mei zilinyesha juu yake na mboga zikaota kwa hasira, nakuambia, nilikuwa nalala usiku managu ni kidole, naamka ni goti. Nilikula managu mpaka meno yakawa kijani. Bado yakabaki. Yakatoa maua. Nilikuwa nachuma na kumwaga kwenye shimo, mboga safi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpa, na vyondo vilikuwa vinaniangalia ukutani, na mimi nilikuwa nimeshajiamulia kwamba hakuna mtu wa kula kwa mikono yangu.

Julai ni ukungu huku. Unaweza kukaa siku tatu bila kuona nyumba ya jirani, sembuse jirani. Kwenye benchi la kliniki kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa viazi kutoka Kiirua, tulikuwa tunakutana siku za kuchukua dawa. Aliniambia mara ya kwanza kwamba yeye ndiye mwembamba kuliko wote hapo, nisijaribu kumnyang'anya nafasi. Tukawa tunashindana mikono, nani mkono wake unapita kwenye bangili. Alinishinda Mei, nikamshinda Juni. Julai hakuja. Nikauliza, nikaambiwa amehamishiwa kliniki iliyo karibu na kwake. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikakaa kwenye benchi nikiwa na bangili yangu, na hapakuwa na mtu wa kuionyesha. Sikuwahi kujua jina lake.

Agosti shule zilifungwa. Nilikuwa mwezi wa tano, sikohoi, siambukizi, kadi inasema hivyo na mihuri juu yake. Nilimtumia Cucu ujumbe kwa mtoto wa jirani: naenda Kiambere kwa dada yangu siku kumi, naomba niende na Kendi akaone bwawa. Jibu lilirudi fupi. Cucu anasema mtoto ana kazi ya likizo.

Nikaenda peke yangu.

Kiambere mwezi wa Agosti ni sufuria iliyosahaulika motoni. Mimi niliyezaliwa pale nilikuwa nimesahau. Miiba, mchanga, mbuzi wamesimama chini ya kivuli cha mbuzi wenzao, na bwawa kwa mbali linang'aa kama bati jipya. Dada yangu Marigu ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili na ana sauti ya kumsimamisha ng'ombe. Alinikumbatia kabla sijasema lolote, kwa nguvu, mdomo wake kwenye shavu langu. Ilikuwa miezi minne tangu mtu anishike. Sikulia. Nilimwambia ananuka katani, akasema na mimi nanuka duka la dawa.

Marigu anasuka vyondo. Makonge yamejipanga kwenye ukuta wake wa miiba. Anakata jani, analivuta kati ya ubao na panga mpaka nyama yote ya kijani itoke na ubaki uzi mweupe, anaanika, kisha anakaa chini, ananyoosha mguu, na anausokota uzi kwenye paja kwa kiganja. Paja lake la kulia lina sehemu laini, inang'aa, kama kiti cha dereva wa zamani. Alinipa nyuzi nisokote. Nilikuwa nimejua kazi hii nikiwa msichana, kabla ya kuolewa, kabla ya gumbaru. Nikanyoosha mguu, nikapandisha leso, tukaangalia wote wawili.

Paja halikuwepo. Ilikuwa goti, halafu mfupa, halafu nyonga. Kiganja kikipita mara moja uzi umeshafika mwisho wa barabara.

Marigu akasema nitasokota nyuzi fupi, kuna vyondo vidogo pia duniani. Kila asubuhi alinilisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maziwa ya mbuzi kama anayejaza gunia, na kila asubuhi akinipima kwa kuangalia uzi wangu umefika urefu gani. Siku ya sita aliita jirani aje auone. Nilianza kitako cha kiondo mara nane na kukifumua mara nane, kwa sababu vidole bado vilikuwa vinasahau vilipo. Mara ya tisa kilikaa. Kidogo, kimepinda upande mmoja kama kofia ya mlevi, lakini kilikuwa kiondo, na nilikuwa nimekitengeneza na kile kilichobaki kwangu.

Siku hiyo, nikiwa na furaha ya kitako changu, nikamwambia Marigu anipe katani ya kubeba nyumbani. Nilitaka kukarabati mikanda ya vile vyondo tisa.

Akauliza, "Vyondo gani?"

Nikamwambia. Vya wale walioniletea chakula. Nimevitunza vizuri, vyote viko ukutani.

Marigu aliweka kazi yake chini. "Tangu lini?"

"Aprili."

"Kiondo cha mama mkwe wako kiko hapo?"

"Cha ngozi. Hakijaguswa hata na panya."

"Rwamba." Alisema jina langu kama mtu anayeangusha mzigo. "Umekaa na kiondo cha mkwe wako miezi minne."

"Sasa ningekirudisha na nini? Sikuwa na kitu."

"Na jani. Na chumvi ya kidole. Na kipande cha ndizi yake mwenyewe aliyokuletea. Ni nani alikuambia ujaze?" Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Mtu akikaa na kiondo changu, mimi najua ananiambia nikae kwangu. Siwezi kwenda kukidai. Nani anadai kiondo kwa mgonjwa? Nakaa. Nangoja. Nikiona miezi inapita, najua amenifungia mlango. Wewe umewafungia akina mama tisa nje, mwana wa mama, halafu unaniambia umeachwa."

Nilimjibu kwamba wao ndio waliokuwa wananiogopa. Akasema labda mmoja, labda wawili. Hakuna kijiji chenye waoga tisa ambao siku ya kwanza walileta uji.

Usiniulize nililalaje. Mimi msomi mzima, mwenye cheti kwenye fremu, nilikuwa nimesoma kila bango la ukutani, na sikuweza kusoma ukuta wangu mwenyewe.

Nilirudi Kanyakine na mzigo wa katani na nyuzi za sweta kuukuu ambazo Marigu alikuwa amezifumua, nyekundu na kijani. Nilikaa siku tatu nikishona mikanda. Kisha nikachuma. Managu, terere, dania, yote niliyokuwa nikimwaga shimoni. Niliyafunga mafungu, nikaweka fungu kwenye kila kiondo, na sikujaza hata kimoja. Ilinibidi nijizuie. Mkono wangu ulitaka kujaza.

Nilianza na Nkatha kwa sababu ni karibu na ningeweza kukimbia. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliona kiondo chake mkononi mwangu akasimama na ungo. Nikamwambia kwamba nimechelewa, na kwamba mboga hizi zimeota kwa gunia langu, mimi nimezichuma, na kama hataki kuzila nitaelewa.

Alichukua kiondo, akatumbukiza uso wake wote ndani, akavuta harufu.

"Miezi minne nimebebea mayai sokoni kwenye karai," alisema. "Karai, Mama Kendi. Kama mtu anayeenda kufua. Nikasema huyu amesoma akamaliza, sasa githeri yetu inamwumiza kichwa."

"Mlidhani nina madharau?"

"Tungedhani nini? Ulikunja vyombo vyetu ukaweka ndani."

Adhuhuri hiyo niliona moshi kwake, na harufu ya managu ikavuka ukuta. Nilisimama nje nikainusa mpaka ikaisha. Wengine walipokea, mmoja kwa kicheko, mmoja kwa maswali marefu. Mwanamke mmoja alichukua kiondo na akaacha mboga juu ya jiwe nje, nikaziona siku ya pili zimenyauka palepale. Nakuambia ukweli ili usije ukasema nimekuficha. Mmoja kati ya tisa.

Cha Cucu nilikiacha cha mwisho. Nilivuka kijito. Kendi alikuwa ametumwa dukani. Cucu alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni akimenya nduma, na hakuinuka. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Aliangalia mkanda wa ngozi, akaona pale niliposhona upya kwa katani, akapitisha kidole. Akatoa fungu la managu akaliweka mapajani. 

"Sista alisema wiki mbili," alisema. "Nilihesabu. Siku ya kumi na nne nilimwosha mtoto, nikamvalisha, nikamwambia tukiona tu kiondo, tunaenda. Kwa sababu singekuja mikono mitupu kwa nyumba ya mgonjwa, na kiondo changu cha kwenda kwa watu ni hiki kimoja."

"Mama, mimi pia nilivaa siku hiyo."

"Mtoto alilala na viatu." Alirudi kwenye nduma yake. "Nikasema, basi, hajawa tayari. Pengine ni mgonjwa kuliko anavyosema. Pengine hataki tuone. Mutwiri alipokuja Pasaka nilimkataza kulala huko asikusumbue."

Kwa hiyo hata bomba lilikuwa lake. Nilitaka kukasirika. Nilimwuliza mbona hakutuma hata neno kwa Kendi, aliyekuwa akipita kwenye ua kila asubuhi. Akaniuliza mbona mimi sikutuma mpaka Agosti. Sote wawili tulikuwa na mjumbe anayesimama kwenye majani kila siku ya shule, na tulimuuliza alikula nini.

Nikamwomba mtoto. Cucu alisema hatamkabidhi kama mzigo, nimalize dawa kwanza, halafu Kendi mwenyewe aseme. Alisema hivyo bila ubaya. Lakini nilivuka kijito nikiwa peke yangu tena, na Septemba ilikuwa ndefu. Vyondo vilikuja na kurudi, hiyo ndiyo tofauti. Nilikuwa na watu mchana, na jioni nilikuwa na mjusi.

Oktoba mvua za vuli zilipoanza sista aliandika kwenye kadi yangu kwamba nimepona, akapiga muhuri, akanipa mkono bila glavu. Kama uko kwenye benchi hilo, hii ndiyo sehemu nataka uipeleke nyumbani: maliza vidonge vyote, na mtu akikuletea kitu, rudisha chombo chake. Kesho yake. Na jani. Usingoje upone ndipo uwe jirani.

Jumamosi Cucu alikuja na Kendi. Nilikuwa nimepika chapati za kutosha kulisha jeshi la Meru na Embu na akiba yao. Kendi alikuwa ameota, mguu ulikuwa umepita sketi. Cucu aliingia moja kwa moja akaketi. Kendi alichukua kigoda, akakiweka pale mlangoni, nje kidogo ya kizingiti, na akakikalia hapo na magoti yamebanwa. Nikamwambia aingie. Akasema yuko sawa hapo. Baadaye akauliza, sauti ya adabu kama ya mgeni, "Cucu, tutarudi kwetu saa ngapi?"

Kwetu. Nilishika mwiko wa chapati nikaangalia moto.

 Mimi nilifuta mikono, nikachukua kadi ya kliniki, nikaiweka sakafuni katikati yetu, nikarudi kwenye jiko. Nilimwambia asome, maana yeye yuko darasa la nne na mimi ni wa gumbaru tu, pengine nimesoma vibaya.

Aliinama akaichukua. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, uzito wa Aprili, uzito wa Mei, mihuri yote, kila mwezi kwa sauti, hakuruka hata mmoja. Alipofika Oktoba alisoma neno la mwisho, akalirudia. Akageuza kadi, akaona niliyoyaandika nyuma kwa kalamu siku ya kwanza, zile wiki mbili, akayasoma hayo pia, kimoyomoyo. Halafu aliinua kigoda bila kusimama sawasawa, akavuka nacho kizingiti, akakaa. Nikageuza chapati. Akakivuta tena kidogo. Cucu alikuwa anaangalia nje, kwa mvua.

 Nilipika chapati moja moja, na kila moja nilipoitoa kwenye moto, kigoda kilikuwa karibu zaidi.